Picha Inayoharibu Kofia

Kabla hajakupima kichwa alikuuliza picha. Ungepanda zile ngazi zake za Mji Mkongwe, ambazo watu wazima na akili zao husema ni thelathini na mimi nasema ni mia tatu, kwa sababu mara ya kwanza nilizipanda na friji nililomtengenezea mgongoni. Ungebisha hodi, ungekaribishwa mkekani, na yeye angeinua uso kutoka kwenye sindano yake akuulize, "Picha gani ya mwisho uliyoitazama?"

Mtu aliyekwenda kuagiza kofia ya harusi alidhani hakusikia vizuri. Aliyejibu kwamba yeye si mtu wa picha za sinema alipimwa kichwa kwa heshima zote, na kofia yake ikatoka baada ya mwaka na nusu, harusi imeshapita na mtoto anatambaa. Aliyejibu vizuri aliipata kwa miezi mitatu. Chini ya hapo hakuna aliyeipata, kwa sababu kofia ya viua haiendi mbio. Ni vitobo vidogo vidogo, kila kimoja kinazungushiwa uzi kwa mkono, mamia kwa mamia, safu juu ya safu, mpaka kitambaa cheupe kiwe kama kimeliwa na wadudu waliosoma hesabu.

Mtaani aliitwa Mshona Kofia, na mimi nilimwita Bi Mkubwa. Jina lake nalijua, ila sijawahi kulitia mdomoni na sitaanza leo.

Siku ile ya friji aliniuliza na mimi. Nikafurahi, maana nilikuwa nikijihesabu mtazamaji mkuu wa Michenzani nzima, mwenye masanduku matano ya sidii nyumbani (mawili, kwa hesabu ya mke wangu). Nikamwambia nimetoka kutazama picha moja ya moto kweli kweli, magari arubaini yaliungua.

"Yalikuwa ya nani?"

"Yepi, Bi Mkubwa?"

"Hayo magari. Wenyewe walipata habari?"

Sikujua. Akauliza yule mlinzi aliyepigwa risasi mlangoni, mama yake kapelekewa habari na nani. Sikujua. Akauliza steringi alikuwa kavaa nini. Kwa wale waliozaliwa na simu mkononi, steringi ndiye mwenye picha yake, anayepigwa mwanzo na kupiga mwisho, na sote tulikua tukiambiwa kwamba steringi hafi. Alikuwa kavaa nini? Nguo, nikasema.

Akarudisha macho kwenye sindano. "Basi fundi, wewe picha hukuitazama. Umeipita tu, kama mtu anavyopita soko la samaki na pua kaishika."

Nilishuka ngazi zile nimenywea. Wiki iliyofuata nikarudi bila kuitwa, nikasema nimekuja kuliangalia friji. Friji halikuwa na tatizo lolote, na sote wawili tulijua.

Tangu siku hiyo, kwa miaka ambayo nikiihesabu mimi inafika hamsini na akiihesabu mke wangu ni kumi na tisa, Mshona Kofia alinipangia picha za kutazama. Hakumpangia kila mtu ile ile. Kwanza alitaka kujua una nini. Jirani wa chini, aliyekuwa hasemi na ndugu yake kwa ajili ya ukuta, alisimuliwa ile ya kinyozi. Mama mmoja aliyekuwa akimuoza binti yake na huku hataki kumwachia alisimuliwa ile ya bangili. Mama yangu alipofariki nilikwenda kwake nikitaraji picha ya kilio, nikae na wenzangu wenye msiba. Akanipa ya mwizi aliyeingia nyumba ya harusi kuiba akapakwa hina na kuozwa mke kwa bahati mbaya. Nikamuuliza kama kanisikia vizuri. Akasema, "Mwenye jeraha hapewi ndimu." Niliitazama nikacheka mpaka nikalia, kisha nikalia tu, na kilio kile ndicho nilichokuwa nikikitafuta tangu mazikoni.

Shida ilikuwa kuzipata. Yeye picha hakuzijua kwa majina. Alizijua kwa kitu kilichomo: ile ya kinyozi, ile ya bangili, ile ya mbuzi aliyekula barua. Zilikuwa za Kihindi, za zamani, alizozitazama msichana kwenye sinema ya mjini, Jumapili, siku ya onyesho la wanawake. Jina la picha lilikuwa limeandikwa ubaoni nje, lakini yeye alipita pale kajitanda buibui mbio mbio, hakuwa na wakati wa ubao. Kihindi chenyewe hakukijua. Alikisoma usoni mwa watu. Basi mimi nikawa nakwenda Darajani kwa mzee mmoja muuza sidii, nasimama mbele ya wateja wake mia saba, naomba ya mbuzi aliyekula barua. Mwanzo alinifukuza. Baadaye akawa ananisubiri kwa hamu, anaita na wenzake wa duka la pili waje kusikiliza, na wakishacheka wanakaa kitako wanakumbushana mpaka inapatikana.

Alikuwa mtu wa kupingana na nafsi yake, tena bila wasiwasi. Nyimbo hakuzitaka ndani ya nyumba, aliziona zinapoteza wakati wa mtu, lakini nyimbo za picha alizijua zote na alizivumisha puani kutwa anaposhona, hata Ramadhani. Nilipomkumbusha akasema wimbo usio na maneno ni pumzi tu, na pumzi haijakatazwa. Mtu anayezungumza picha inapoendelea alimwona hana malezi. Siku moja tulitazama pamoja kwenye televisheni ya jirani, na alizungumza kutoka mwanzo hadi mwisho: huyo mlango haukufungwa, huyo dada ana mimba hajui, huyo adui viatu vyake vimemzidi. Vilikuwa vimemzidi kweli. Mimi nimetazama picha elfu kumi na sijapata kuangalia miguu ya adui.

Na alikuwa na kipimo chake. Watu wengine hupima picha kwa nyota au kwa machozi. Yeye alisema picha nzuri ni ile inayokuharibia kofia. Maana yake, ukitoka nayo ukakaa kushona, mawazo yanabaki kule, mkono unakwenda peke yake, na safu ya viua inapinda. Kofia iliyopinda haiuzwi wala haifumuliki, kitambaa kimeshatobolewa. Alikuwa nazo tano, ndani ya bati la biskuti, na siku aliyonionyesha nilijua nimekubaliwa. Moja ilikuwa imepinda kidogo tu, hiyo ya kinyozi. Ya tano ilikuwa balaa. Safu ya tatu ilianza vizuri, ikapanda, ikashuka, ikapanda tena kama mbuzi juu ya ukuta, halafu ikakatika katikati.

"Hii ipi, Bi Mkubwa?"

"Ya mwavuli," akasema, akafunika bati.

Sasa nieleze habari ya skuli ya usiku, kwa sababu ndiyo iliyoniponza. Nilianza kusoma nimeshaoa, mchana natengeneza mafriji, jioni nakaa kwenye dawati la watoto magoti yamenigusa kidevu. Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa mkali wa nyakati. Lililopita ni -li-, lijalo ni -ta-, na anayezichanganya ni sawa na anayevaa kiatu mkononi. Nilifaulu. Cheti nilikitia kwenye fremu kubwa kuliko mlango, nikawa nasahihisha watu wote, wauza kahawa, makondakta, mpaka khatibu nilimtilia shaka kidogo.

Basi siku moja Mshona Kofia akanisimulia ile ya mwavuli. Alisimulia vizuri kuliko yeyote niliyemsikia. Fundi miamvuli aliishi na mama yake katika mji mkubwa wa treni. Alisingiziwa kuua, akakamatwa. Alipokuwa akichukuliwa alimwambia mama yake nitarudi kwa treni ya jioni, ila hakusema ya siku gani. Mama akawa anakwenda stesheni kila siku na mwavuli aliotengenezewa na mwanawe, mvua isiwepo, jua liwake, anakwenda. Watu wakamcheka. Nywele zikageuka nyeupe. Siku moja mvua kubwa ikanyesha. Treni ikapiga honi. "Steringi atashuka," akasema Mshona Kofia. "Mama yake ataufungua mwavuli. Watakwenda nyumbani pamoja."

Nikainua kidole. Kweli, nilikiinua. Nikamwambia, kwa adabu zote, hapo mwisho kakosea, ilikuwa aseme alishuka, aliufungua, walikwenda. Huwezi kuanza na -li- ukamaliza na -ta-.

Akanitazama juu ya miwani. "Ndivyo alivyokufundisheni mwalimu wenu wa usiku?"

"Naam."

"Mwambie mie nnasema ninachokijua."

Nikacheka peke yangu kwenye ngazi. Nikasema huyu bibi kanishinda kwa kila kitu ila sarufi.

Kisha zile picha zikaanza kupatikana. Ya kinyozi ndiyo ya mwanzo. Yeye kwenye hadithi yake alisema ndugu wawili watapatana, mkubwa atamnyoa mdogo ndevu asubuhi ya Idi. Nilikaa kuisubiri Idi. Badala yake ndugu mdogo akampiga mkubwa bastola, picha ikaisha. Nikadhani muuza sidii kanikatia. Nikatazama ya bangili: bangili ambayo mama angepewa na bintiye ilitupwa kisimani. Ya mbuzi, mbuzi kachinjwa. Ndipo siku moja, nimelala chini ya friji la mtu na bisibisi mkononi, nikayasikia tena maneno yake yote, moja baada ya moja. Watapatana. Atapewa. Atafunguliwa kamba. Kila picha aliianza kwa -li- na kila mwisho aliusema kwa -ta-. Hakukosea hata mara moja. Mimi mwenye cheti ndiye niliyekuwa kiziwi.

Aliponiuliza ile ya kinyozi nimeionaje, nilisema nzuri sana. Akauliza na mwisho? Nikamtazama, sindano iko hewani, uso wote unasubiri. Nikasema, "Kama ulivyosema, Bi Mkubwa." Ilitoka yenyewe. Mimi ni mtu wa kutia chumvi, sikatai, lakini chumvi hutiwa kwenye kitu kilichopo. Huu ulikuwa uongo mtupu, na baada ya ule wa kwanza ikabidi na ya bangili iwe kama alivyosema, na ya mbuzi pia, mpaka zikafika kumi na moja. Kila mara alitikisa kichwa kwa kuridhika, akarudi kwenye kiua chake.

Sababu ya zile -ta- alinambia mwenyewe. Ilikuwa jioni, spika ya msikiti ikakoroma, adhana ya magharibi ikaanza. Akaweka sindano, akaitikia kimoyomoyo mpaka muadhini alipomaliza. Kisha akasema, "Hapa ndipo picha zangu zote zilipomalizikia."

Baba yake ndiye aliyekuwa muadhini wa mtaa wao. Ruhusa ya kwenda onyesho la wanawake aliipata kwa mama yake, kwa sharti moja, kwamba sauti ya baba ikitoka msikitini imkute keshavua buibui yuko jikoni. Na onyesho lilianza baada ya alasiri, na picha za Kihindi, unazijua, hazina haraka. Kwa hiyo alizihesabu hatua za kutoka sinema hadi kwao, akajua akitoka lini atafika lini. Kila Jumapili, wenzake wakianza kusogea mbele kwenye viti kwa sababu mambo yanafikia ukingoni, yeye aliinuka akatoka. Nyumbani walikuwa wakimsubiri wanawake wasiopata ruhusa kabisa, wanataka wasimuliwe. Angewaambiaje kwamba mwisho hakuuona? Akawa anautafuta mwenyewe anaposhona. Miezi mitatu ya kofia moja ni muda mrefu kutafuta mwisho wa picha.

Nikamuuliza kwa nini hakuwauliza wenzake. Akasema msichana aliyekuwa akisifiwa mtaa mzima kwa kusimulia picha hawezi kwenda kugonga mlango wa mwenzake aulize ilikwishaje. Haya ya msichana, akasema, huzeeka naye.

"Lakini ya mwavuli," akasema. Siku ya mwavuli alichelewa kuinuka. Treni ilipopiga honi ndiyo kwanza yuko mlangoni, anasukuma pazia, na nyuma yake ukumbi mzima ukapiga ukelele. Wanawake mia tatu kwa pamoja. Alikuwa hawezi kugeuka. Alitoka, akakimbia, na ukelele ule akafika nao nyumbani.

"Mpaka leo sijui, fundi. Kilikuwa kigelegele au kilikuwa kilio. Nimekisikia kwenye masikio haya tangu mwari mpaka kikongwe, nikikigeuza hivi ni furaha, nikikigeuza hivi ni msiba." Akaichukua sindano. "Zile nyengine sina shida nazo. Wewe umezitazama zote, na zote zimekwisha kama nilivyosema. Hiyo moja nitafutie. Nataka kujua kabla macho hayajafunga."

Mtego ulikuwa wangu mwenyewe, na nilikuwa nimeingia kwa miguu miwili na cheti mkononi.

Iliwachukua wazee wa Darajani miezi minane kuipata. Nikaitazama nyumbani, mimi na mke wangu. Mvua, stesheni, honi. Mlango wa behewa ukafunguka, akashuka mtu kainamisha kichwa, kavaa koti la steringi lile lile lenye kiraka begani, na kofia yake. Mama akaufungua mwavuli. Mke wangu akaruka kutoka kwenye kiti akapiga kigelegele kilichowaamsha watoto wa majirani. Kisha yule mtu akainua uso. Alikuwa mfungwa mwenzake. Kaleta nguo. Mke wangu akashika mdomo, akalia kama aliyefiwa, na mimi nikatafuta kitu cha kutengeneza.

Kesho yake nilimwambia Mshona Kofia sijaipata. Nikasema hivyo kwa miaka sita. Picha ilikuwa kwenye fleshi, fleshi ilikuwa mfukoni, na nilipanda ngazi zile nayo na kushuka nayo. Ningemwambia steringi kafa, angeuliza na zile nyengine, na kila mwisho alioutunga yeye miaka yote ungebomoka, kwa mkono wangu. Mke wangu aliniambia siku moja, bila ukali, kwamba nimekuwa kama mtu aliyeondoka na ufunguo wa nyumba ya watu.

Macho yake yakaanza kuondoka. Kwanza aliacha viua vidogo, kisha akaacha kofia, kisha akaanza kupima vichwa vya watu kwa mikono bila kuandika, anashika tu kichwa cha mtu anasema, "Huyu kichwa chake kinakumbuka." Mtoto wa dada yake, mwanamke wa Jambiani anayelima mwani, akaja akamchukua. Ngazi zile za mjini zikabaki na watu wengine. Nimepita mara moja tu, ni thelathini na mbili.

Mwaka huu yule mtoto wa dada yake akanipigia simu. Alisema Bi Mkubwa ana ujumbe: jicho moja limefunga, la pili linaona mwanga na vivuli, na anamuuliza fundi kama ile ya mwavuli bado haijapatikana. Nikamtazama mke wangu. Mke wangu akatazama mfuko wangu.

Nilifika Jambiani baada ya sala ya alasiri. Nikamkuta kakaa ukumbini, mdogo kuliko nilivyomwacha, miwani kaivaa kwa mazoea tu.

"Shikamoo Bi Mkubwa."

"Marahaba. Umenenepa, nnasikia unavyovuta pumzi. Umekuja nayo?"

"Naam."

Hakuuliza nimeipata lini. Tukachomeka fleshi kwenye televisheni. Habari zikaenea, wakaingia wanawake wa jirani waliotoka kwenye mwani, pindo za kanga bado mbichi, saba kwa hesabu ya kweli. Mshona Kofia akaketi mbele kabisa, na mimi pembeni yake nikamweleza kila asichokiona: mlango huo umefungwa, viatu vya askari vina matope, mama nywele zimeanza kubadilika upande wa kushoto. Aliniuliza maswali mia na nikayajibu yote. Nilikuwa nimeitazama mara ishirini na saba, na kwa mara moja sizidishi.

Jua likashuka. Mvua ikaanza kwenye picha. Treni ikapiga honi, na Mshona Kofia akainuka.

Sidhani kama alikusudia. Miguu iliinuka yenyewe. Akapapasa ukuta akaenda mpaka mlangoni, akashika pazia. Mtoto wa dada yake alitaka kumfuata, nikamwekea mkono. Nyuma yetu mlango wa behewa ukafunguka, mama akaufungua mwavuli, na wanawake saba wa Jambiani wakapiga kigelegele mpaka kuku wakatawanyika uani.

Nikamwona mgongo wake umetulia. Hakutoka. Alisimama pale, pazia mkononi, na akangoja. Mmoja wa wanawake akasema, "Siye yeye." Kisha mmoja akaanza kulia, na wote wakafuata.

Akageuka. "Kumbe vyote viwili," akasema. "Mie niliondoka na cha mwanzo."

Akarudi kwa kupapasa, akakaa. "Steringi kafa?"

"Kafa, Bi Mkubwa. Gerezani. Huyu ni mwenzake, kaleta nguo."

"Kaivaa kofia ya marehemu?"

"Kaivaa. Ndiyo maana mama kadanganyika."

Akatikisa kichwa polepole, kama fundi aliyeonyeshwa kazi ya fundi mwenzake. "Ulikuwa ukijua."

"Miaka sita."

"Na zile nyengine? Ya kinyozi? Ya mbuzi?"

"Hata moja haikwisha kama ulivyosema."

Nilitaraji anifukuze, na nilikuwa nimeshautazama mlango. Akaanza kucheka, kicheko kidogo cha puani, pua ile ile aliyovumishia nyimbo. "Mara kumi na moja mfululizo, fundi. Hata mpiga ramli hukosea mara moja. Mie nlisema huyu kijana wa watu, mbona ananionea huruma hivi." Akafuta miwani isiyomsaidia kitu. "Lakini hebu nambie, huyu aliyeitengeneza ya mwavuli, mama kamsubirisha miaka yote ile halafu kampelekea koti. Huyu naye alikuwa na baba muadhini. Kamaliza mbio mbio awahi magharibi."

Wanawake wakacheka huku wanafuta machozi. Na kweli, adhana ikaanza. Wakaondoka mmoja mmoja, akaongozwa kutawadha, nikaenda msikitini. Niliporudi kuaga nilimkuta peke yake kwenye mkeka, televisheni imezimwa.

"Kaa kidogo," akasema. "Nisimulie mwisho."

"Si tumeutazama sasa hivi, Bi Mkubwa?"

"Ule ni wake yeye. Nnataka wetu. Mie ninavyousema nshauchoka, sema wewe. Treni imesimama."

Nikakaa mkekani. Nikamfikiria yule mama na mwavuli wake, na mvua, na mlango wa behewa.

"Atashuka," nikasema.

"Kavaa nini?"

"Kofia yake mwenyewe. Na uso atauinua."